Mtoto wangu wa Unga Limited, mtoto wa mdogo wangu wa Njiro: nani anagawa afya katika Jiji la Arusha?

FundiCherehani

Habari za jioni wadau. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga Unga Limited, chumba kimoja na watoto wawili pamoja na mama yangu mwenye miaka 67. Mdogo wangu ameolewa Njiro. Watoto wetu wa mwisho wamepishana wiki tatu tu kuzaliwa. Tangu masika yaanze wangu ameharisha mara nne, mojawapo hadi akatundikiwa dripu. Wa mdogo wangu hajaharisha hata mara moja. Na uji wanakunywa uleule, maana unga wa lishe nasagisha mimi halafu nampelekea.

Mdogo wangu ana bomba ndani. Mimi nanunua dumu kwa jirani, na foleni ikizidi nanunua kwa wa mikokoteni, ambao sijui wamechota wapi. Choo tunatumia vyumba saba. Mvua kubwa ikianza usiku kuna watu wanatapisha vyoo mtaroni, na asubuhi mtaro ule unapita mlangoni kwangu, watoto wanauruka kwenda shule. Gari la kunyonya halifiki, kichochoro hakipitishi hata bajaji.

Halafu mama ana presha. Tulikwenda kituo kimoja cha umma, dirisha la wazee lipo, daktari akamwona bure kabisa. Dawa hakuna, tukaandikiwa tukanunue. Mwezi ule nilinunua. Mwezi uliofuata nilinunua nusu dozi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Anayeelewa anieleze: nani hasa anaamua mtaro wa kule Njiro ujengwe na wangu usubiri? Na dawa za mama zinaishia wapi? Siasa za vyama sitaki, nataka kujua mlango wa kugonga.

BwanaAfyaMstaafu

Binti yangu, pole kwa kuuguza. Nilikuwa bwana afya kwa miaka mingi, sasa nimestaafu niko Moshi nalima migomba.

Nianze na dawa. Kituo kinaagiza Bohari ya Dawa. Ikikosekana kule, kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeidhinishwa na serikali, lakini mara nyingi kwa fedha kinazokusanya chenyewe, za wanaolipa papo kwa papo na za bima. Sasa tazama kituo kilichozungukwa na wazee, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wasio na kadi ya bima. Sera inasema watibiwe bure, na ni haki yao. Lakini anayetibiwa bure haachi shilingi dirishani. Kituo chenye wagonjwa walioajiriwa wenye bima kikiishiwa, kesho kinakwenda kwa mshitiri. Kile kingine kikiishiwa kinasubiri. Si lazima awepo mwizi ili mama yako akose dawa.

Fedha zinazotoka juu nazo hugawiwa kwa kutazama halmashauri nzima. Arusha ukiipima nzima, yenye hoteli na watalii wake, wastani unapendeza. Kuangalia kata kwa kata ndani ya jiji ni kazi ya mganga mkuu wa jiji, timu yake na madiwani. Hapo ndipo pa kugonga.

Tena kuna mlango ulio karibu zaidi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za vituo zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na matumizi yanapitia kamati ya usimamizi ambayo ina wajumbe wanaotoka kwa wananchi. Ulizia wajumbe wenu ni akina nani. Nimewahi kuona kamati inasaini muhtasari wa kikao ambacho hakikukaliwa. Nimeona pia akina mama watatu, wauza mboga, wakakataa mapazia yasinunuliwe mpaka dawa za kisukari zirudi rafuni. Zilirudi.

Choo: Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inambana mwenye nyumba, na afisa afya wa kata anaweza kumpa notisi ya maandishi. Ila usiende peke yako, utahamishwa wewe. Nendeni vyumba vyote saba.

Mtaro unaibuliwa kwenye mkutano wa mtaa, unapanda kamati ya maendeleo ya kata, kisha Baraza la Madiwani. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Anayelalamika Mei, maji yakiwa mlangoni, bajeti ya mwaka unaofuata imeshapangwa. Bajeti mpya huanza kuzungumzwa mwishoni mwa mwaka wa kalenda, jua likiwaka na watu wameshasahau. Mitaa yenye wastaafu wanaojua ofisi hufika wakati huo na barua mkononi. Piga picha sasa, uziweke.

NesiWaChuga

Dada, pole sana. Kuhusu mama, ukiambiwa dawa hakuna usiondoke hivihivi. Muulizie afisa ustawi wa jamii pale pale, mwonyeshe kitambulisho cha mama, naye aandike. Na tafadhali dozi ya presha usiigawe nusu bila kumwambia daktari. Mwambie hali halisi ya mfuko, zipo dawa za bei nafuu.

Jingine ni hayo maji ya mikokoteni. Visima vingi huku vina floridi, madini ambayo yakizidi huharibu meno, kwa sababu ya miamba ya volkano ya Meru, na kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara, kwa hiyo chemsha kila siku, lakini floridi haitoki, maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Meno ya kudumu ya mwanao yanatengenezeka sasa hivi ndani ya fizi. Kinga maji ya mvua kwenye bati safi, uyachemshe, yawe ya kunywa yeye tu. Na magadi kwenye maharage punguza, nayo yana floridi.

MchagaWaMbali

Niliishi Coventry, Uingereza. Kule afya ya jamii ilihamishiwa kwenye halmashauri Aprili 2013, na mwaka huohuo mji ule ukaamua kupambana na tofauti za afya kwa kuanzia kwenye nyumba, ajira na watoto wadogo, hospitali ikafuata nyuma. Baadaye serikali kuu ikapunguza ruzuku ya kazi hiyo. Kwa hiyo namuunga mkono mzee, ila madiwani wetu nao wanahitaji fungu.

FundiCherehani

Nawashukuru, mzee wangu hasa. Leo nimewaona wapangaji watano, wawili wanaogopa kuongezewa kodi. Picha za mtaro nimepiga kumi na moja, za asubuhi kabla maji hayajapungua. Jina la mjumbe mmoja wa kamati nimelipata, kumbe ni mteja wangu, sare za mwanae nashona mimi! Swali la mwisho: mkutano wa mtaa, mpangaji anaruhusiwa kusema? Hapa wanatuambia ni wa wenye nyumba.

BwanaAfyaMstaafu

Ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Wakikukatalia, omba waandike kwenye muhtasari kwamba wamekukatalia na kwa nini. Na hao wawili wanaoogopa, waambie wakae nyuma tu, wahesabiwe.