Kanda ya Monk na Coltrane ya 1957: mali ya umma au ya warithi?

Mtoa mada: Tarehe 29 Novemba 1957 mwanamuziki wa jazi wa Marekani, Thelonious Monk, alipiga piano katika ukumbi wa Carnegie, New York, pamoja na John Coltrane kwenye saksofoni, Ahmed Abdul-Malik kwenye besi na Shadow Wilson kwenye ngoma. Redio ya serikali, Sauti ya Amerika, ilirekodi onyesho hilo, na kanda zikakaa bila kujulikana katika Maktaba ya Bunge la Marekani hadi mapema 2005, Larry Appelbaum, mfanyakazi wa maktaba hiyo, alipozikuta. Mwaka huohuo kampuni ya santuri ya Blue Note ilizitoa sokoni. Je, ilikuwa haki?

Mchangiaji wa kwanza: Haikuwa haki, kwa sababu mlipakodi aliyegharimia kurekodi na kuhifadhi hapaswi kuuziwa tena kilicho chake. Isitoshe, tunachokisifu zaidi ni kisa cha kupotea kuliko muziki wenyewe.

Mchangiaji wa pili: Sikubaliani na yote mawili. Redio iligharimia mafundi na mitambo. Haikununua sanaa ya Monk, na santuri ilitoka kwa ushirikiano na mwanawe, T.S. Monk. Tukumbuke pia kwamba kuanzia 1951 hadi 1957 Monk alinyimwa kibali cha kupiga katika vilabu vya New York vinavyouza pombe. Mtu aliyezuiwa na mamlaka kujipatia riziki kwa jasho lake, je, leo jasho hilohilo tulitangaze kuwa la umma?

Kuhusu kisa, ipo kanda nyingine ya Monk na Coltrane, iliyorekodiwa na Naima, mke wa Coltrane, katika klabu ya Five Spot mwaka 1958 na kutolewa 1993. Kisa chake kinavutia vilevile, lakini sauti yake ni hafifu, na nionavyo mimi ni wapenzi wa kweli tu wanaoivumilia. Ya Carnegie inasikika safi: katika “Monk's Mood” piano na saksofoni zinafuatana polepole, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi, na unatambua kuwa Coltrane, baada ya miezi kadhaa ya kupiga na Monk pale Five Spot mwaka huo wa 1957, ameshazizoea njia ngumu za Monk. Kabla ya 2005 ushahidi mkuu wa kundi hilo ulikuwa nyimbo tatu za studio.

Ninachomkubalia mwenzangu ni kwamba maktaba imruhusu yeyote kuisikiliza kanda humo ndani bila malipo.