Nywele zinakatika tangu niache shampuu, naomba ushauri

Wapendwa habari zenu, mwezi wa pili sasa nimeacha shampuu za dukani maana bafu lilijaa machupa hata pa kuweka sabuni hamna, naosha kwa bekingi soda kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji afu nasuuza na siki niliyoizimua. Mwanzo zilikuwa laini jamani, saa hizi nikichana nasikia kabisa zinavyokatika, chanuo limejaa vipande vifupi vifupi na ngozi inawasha. Nasikia bekingi soda ina pH (kipimo cha asidi) kama 8 na ngozi ya kichwa ni 5 na kitu, ndo sababu? Nikihamia aloevera tupu itatoa mafuta kweli? Kurudi kwenye machupa sitaki, ila kipara nacho sikitaki. Aliyepitia hii anisaidie