Tupeane uzoefu: Wachezaji wa Druid, mliongezaje dameji bila kufa ovyo?

Mgeuza Umbo

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wa wanaocheza Druid, yule mhusika anayejigeuza mnyama, kwenye gemu ya mtandaoni ya World of Warcraft Classic, hasa sisi tunaokaa muda mwingi kwenye umbo la paka na dubu. Dameji ni madhara unayompa adui. Nilianza Agosti 2019 seva zilipofunguliwa, na mengi niliyajua nikiwa nimeshachelewa. Naomba kila mtu aeleze kilichomkuta yeye mwenyewe, na alibadilisha nini mpaka mambo yakakaa sawa. Naanza mimi.

Nilikosea kwenye silaha. Nilikuwa levo arobaini na kitu, nikakusanya dhahabu karibu wiki tatu, nikaenda mnadani kununua rungu la mikono miwili kwa sababu dameji iliyoandikwa ilikuwa kubwa. Nikatoka nje ya mji, nikageuka paka, nikampiga mnyama wa aina ileile niliyekuwa nampiga jana yake. Namba zilikuwa zilezile! Nilirudia kama mara kumi nikidhani kuna kitu sijabonyeza.

Kumbe kwenye Classic ukishageuka, gemu haisomi kabisa dameji ya silaha uliyoshika. Unapiga kwa makucha. Paka hupiga kila sekunde 1, dubu kila sekunde 2.5, hata ukishika fimbo ya levo 10. Silaha inakupa nguvu, wepesi na stamina zilizoandikwa juu yake, basi. Pointi moja ya nguvu inakuongezea 2 kwenye uwezo wa kupiga. Wepesi ukiwa paka unakupa 1, lakini unakuongezea pia nafasi ya pigo kubwa na ya kukwepa. Toka siku hiyo nasoma mistari ya chini ya kifaa kwanza, ile namba ya juu siiangalii.

Karibuni.

Dubu wa Tabata

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi nimekaa na dubu toka ile kazi ya levo 10, unapotumwa Moonglade kuongea na Great Bear Spirit kisha ukamtafute Lunaclaw. Nilikuwa najiona nimekamilika.

Kipigo nilikipata kwenye reidi, yaani kundi kubwa la wachezaji tukipambana pamoja na mabosi. Bosi wa reidi anahesabiwa levo 63, wewe uko 60, na kwa hiyo pengo pigo lake linaweza kuja na uzito wa asilimia 150. Warrior, yule mpiganaji wa silaha, ana ngao, anaweza kulizuia. Dubu hana ngao, na kwa makucha hawezi hata kupangua silaha. Ana kukwepa, deraya na damu nyingi. Nilikuwa nimevaa vifaa vya kuongeza dameji nikiamini nikipiga sana bosi ataning'ang'ania mimi, awaache wenzangu. Aliniganda kweli, nikaenda chini mapigo mawili mfululizo, na wenzangu wote nyuma yangu wakaisha.

Nilichobadilisha: umbo la Dire Bear la levo 40 linaongeza deraya ya vifaa vyako kwa asilimia 360. Kwa hiyo kifaa chenye deraya kidogo tu zaidi ya kingine, ukishageuka tofauti yake inakuwa kubwa sana. Nikapanga upya kila kitu: deraya kwanza, stamina ya pili, dameji mwisho. Mganga wetu, ambaye huwa hasemi kitu, aliniandikia baada ya reidi iliyofuata kwamba mana yake, ile nguvu ya kufanyia uchawi, ilibaki nusu. Nilifurahi kuliko siku niliyofika levo 60.

Kingine ni Enrage, skili ya dubu. Inakupa hasira 20, ile nguvu dubu anayolipia mapigo yake, lakini kwa sekunde 10 inakupunguzia deraya. Ibonyeze kabla hujamwita bosi. Nimeona madubu wengi wanaibonyeza katikati ya kipigo halafu wanamlaumu mganga.

Binti wa Mwanza

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni paka, na nataka kueleza vizuri kitu ambacho wengi wanakisikia bila kukifanya: kugeuka katikati ya pambano ili upate enaji, ile nguvu paka anayolipia mapigo yake.

Enaji ya paka inarudi 20 kila sekunde 2. Shred, pigo la paka, ukiwa umeipunguza bei kwenye talanta (zile pointi za kuboresha mhusika) inakula 48. Maana yake ukikaa tu kwenye paka unasubiri karibu sekunde tano kati ya pigo na pigo. Muda huo Rogue, yule mpiganaji wa kuvizia, aliye pembeni yako anaendelea na mambo yake, na kwenye orodha ya dameji mimi nilikuwa chini ya kila mtu, wiki baada ya wiki. Kiongozi wa reidi alianza kuniambia nirudi kuponya tu, maana "Druid ni mganga". Iliniuma, kwa sababu klasi hii niliichagua kwa ajili ya paka.

Talanta ya Furor ikijaa pointi 5, kila ukiingia paka unaanza na enaji 40. Ukivaa Wolfshead Helm, ile kofia ya ngozi inayotengenezwa na mafundi wa ngozi, inaongeza 20 nyingine. Jumla 60. Yaani unatoka, unaingia tena, Shred iko tayari. Kofia yenyewe haina nguvu wala wepesi, na ni ya levo 40, ila mpaka leo niko 60 sijaivua.

Mwanzo nilikuwa nageuka ovyo. Ukigeuka ukiwa na enaji 40, umeilipia mana nyingi kwa faida ya 20 tu, kwa sababu ile ya zamani inafutika. Sasa nasubiri ishuke chini ya 10 ndipo natoka. Na natazama zile sekunde 2: enaji ikishaingia, ndipo nageuka, isije ikaingia wakati niko nje ya paka ikapotea.

Mana nayo inaisha haraka, na ukiwa paka huwezi kunywa dawa. Kwa hiyo dawa nainywa ndani ya ule upenyo wa kutoka na kuingia. Makro yangu, yaani amri kadhaa kwenye kitufe kimoja, ina mistari mitatu: toka umbo, kunywa, rudi paka. Nilikaa mbele ya jiwe jioni nzima nikiifanyia mazoezi mpaka vidole vikazoea.

Mwezi wa pili nilikuwa wa nne kwenye orodha. Hakuna aliyeniambia tena nirudi kuponya.

Kijana wa Likoni

Dada hapo umesema kweli tupu. Mimi nachezea Mombasa kwenye seva ya Ulaya, na shida yangu imekuwa pingi, yaani mtandao kuchelewa. Ikiwa sawa hata siihisi. Lakini Mei 2024 zile nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nilikuwa naona bosi amegeuka huku kwangu bado ananipa mgongo. Shred inakataa, maana lazima uwe nyuma ya adui. Nabonyeza, inakataa, nabonyeza, inakataa.

Siku zile niliishi kwa Claw, ambayo haijali umesimama wapi. Dameji ilishuka, lakini pigo linalofika lina faida kuliko kubwa linalokataliwa. Na nikajifunza kusimama karibu kabisa na mkia wa bosi, si ubavuni. Nyaya zilitengenezwa, mazoea hayo nikabaki nayo.

Swali kwa huyu ndugu Dubu: Frenzied Regeneration waitumia saa ngapi? Mimi kila nikiibonyeza nafa vilevile.

Dubu wa Tabata

Unaibonyeza damu ikiwa imeshaisha na hasira imeshaisha, sivyo? Nilikuwa hivyo hivyo. Ile skili inageuza hasira kuwa damu, mpaka 10 kila sekunde kwa sekunde 10. Ukiwa na hasira 15 itakupa sekunde moja na nusu, ikaishia hapo. Hasira ikikaribia 100 na ukijua pigo zito linakuja, bonyeza mapema, damu ikiwa bado nusu. Ila kubali kwamba sekunde hizo 10 huna cha kumpigia bosi, kwa hiyo mwambie Warrior wa pili akae tayari.

Mbeba Bendera

Nyie mnaongelea reidi, mimi maisha yangu yako Warsong Gulch, uwanja wa timu mbili kuibiana bendera, kumi kwa kumi, anayefikisha bendera tatu kwanza anashinda. Pale kilichoniweka hai si deraya.

Nilikuwa nabeba bendera nimeng'ang'ania dubu toka chumba chao mpaka kwetu, nikiamini unene utanisaidia. Mage, yule mchawi, ananigandisha miguu kwa Frost Nova, nasimama pale kama mnazi, wenzake wanakuja watano. Ilinitokea mara nyingi sana kabla rafiki mmoja wa timu hajaniambia kwa sauti, "Badilika! Badilika tu!" Nikatoka dubu nikaingia umbo la safari, lile la kukimbia haraka, miguu ikafunguka, nikaondoka. Kila kugeuka kunakata minyororo ya miguu. Na ukiwa ndani ya umbo Mage hawezi kukufanya kondoo.

Kwa hiyo sasa siingii dubu mpaka kipigo kinifikie. Uwanjani umbo la safari, nikigandishwa nageuka, wakinikaribia dubu, wakipungua natoka najitia uponyaji mmoja, naingia tena. Mana naitunzia kugeuka kwa sababu ndiyo roho yangu pale.

Jihadharini na Hunter, yule mwindaji. Ana Scare Beast, na sisi tukiwa wanyama inatushika. Hapo kaa kwenye mwili wako wa kawaida mpaka aitumie kwa mwingine.

Mgeuza Umbo

Nimesoma yote mara mbili. Mimi nilikuwa na mawazo kwamba umbo ni nyumba, unaingia unakaa. Wote mnaniambia faida iko mlangoni.

Binti wa Mwanza, lile rungu linalopatikana kwenye shimo la Gnomeregan unalitumia? Manual Crowd Pummeler.

Binti wa Mwanza

Kila wiki kaka. Hilo ndilo rungu pekee ninalolihangaikia, na si kwa dameji yake. Ukilitumia linaongeza kasi ya kupiga kwa asilimia 50 kwa sekunde 30, na linafanya kazi hata ukiwa paka. Lina matumizi 3 tu, likiisha limeisha. Kabla ya reidi naingia Gnomeregan peke yangu kwa mlango wa nyuma, najificha, nawapita walinzi, namuua yule bosi wa chuma, natoka, naanza upya. Si kila mara analiangusha. Alhamisi iliyopita niliingia mara tisa nikapata manne.

Ukitaka kuja tuingie wote, niko huko kesho kuanzia saa tatu usiku. Lete ufunguo wako wa mlango wa nyuma.