HP EliteDesk 800 G1: nibadili mazabodi na prosesa, au niachane nayo? (Ulinganisho)

Mhariri_Tabata (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina HP EliteDesk 800 G1, ule mnara mkubwa, si ile ya kulaza. Ndani kuna i5-4570, RAM GB 8 za DDR3, SSD ya SATA ya GB 240 na kadi ya grafiki, GTX 1050 Ti ya GB 4, ile isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu kwa Premiere Pro. Enzi za 1080p mambo yalikwenda. Sasa mpiga picha ninayefanya naye kazi kahamia Sony A7 IV, ananiletea 4K ya biti 10, 4:2:2 (namna ya kurekodi yenye taarifa nyingi za rangi), na mashine imepiga magoti: sauti inaendelea, picha imeganda. Halafu Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025.

Bajeti ni laki tisa, nikijikamua inafika milioni. Fundi wangu anasema tutoe mazabodi na prosesa tu, tuweke mpya, mengine yabaki. Nimeorodhesha hizi:

1. Ryzen 5 5600 na bodi ya B550
2. i5-12400F na bodi ya H610
3. Xeon E5-2680 v4 na zile bodi za Kichina za X99
4. Nibaki na bodi hii hii, niweke i7-4790 na RAM ifike GB 32

Nawasilisha.

FundiWaWaya

Mkuu, kabla hujalinganisha prosesa, fungua kasha uangalie waya mkubwa unaotoka pawa saplai kwenda kwenye bodi. Bodi za kawaida za ATX zina plagi ya pini 24. Hiyo G1 ina pini 6. Na usidhani adapta itakuokoa, kwa sababu saplai ya HP inatoa volti 12 tu. Volti 5 na 3.3 zinatengenezwa kwenye bodi, ndiyo maana hata umeme wa SSD yako unatoka kwenye bodi badala ya kutoka kwenye saplai. Adapta unazoziona mitandaoni ni za upande wa pili: kutumia saplai ya kawaida kwenye bodi ya HP.

Waya za mbele nazo, yaani swichi ya kuwashia na taa, HP wamezipanga wanavyotaka wao.

Kwa hiyo lile neno la fundi wako, "mengine yabaki", lifute. Saplai inaondoka. Kasha nalo linaondoka, labda uwe tayari kukata na kuunganisha waya. DDR3 haiingii kwenye hizo tatu za kwanza. Kipoza joto nacho hakina kazi tena. Kinachohama ni SSD na 1050 Ti basi. Piga hesabu upya ukijua hivyo, maana laki tisa ya bodi na prosesa si laki tisa ya mashine nzima.

Wenye Dell msicheke. OptiPlex 7020 na 9020 zina plagi ya pini 8 na hadithi ni ile ile.

Chuma_Chakavu

Mimi niko kwenye namba 3 na sijutii. E5-2680 v4 ina viini (cores) 14, nyuzi (threads) 28, na RAM zake ni zile za seva, DDR4 za ECC, ambazo bei yake ni rahisi kuliko za kawaida. Ukiiweka kurenda (kutoa video iliyokamilika) unaenda kula, unarudi, imeisha. Kwa hela hiyo hupati viini 14 popote.

mla_urojo

Chuma, hapo kwenye kurenda sikubishii. Ila hariri nayo ni kukata, kuburuta, kurudisha nyuma, kusikiliza tena, na huko kasi ya kiini kimoja kimoja ndiyo inayosikika. Xeon hiyo mwisho wake ni GHz 3.3. Inakula wati 120, haina grafiki ya ndani, haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na bodi nyingi zilizoandikwa "X99" ukizifungua chipu iliyomo si X99, imeng'olewa kwenye bodi nyingine. Siku ikigoma kuwaka utamuuliza nani?

Mimi nipo kwa 5600. Viini 6, nyuzi 12, wati 65. Soketi yake, AM4, imekuwapo tangu enzi za Ryzen ya kwanza mwaka 2017, bodi zimejaa, na kesho ukipata pesa unaweka 5700X au 5800X3D juu ya bodi ile ile. Tahadhari moja tu: ukiuziwa B450 ya zamani, hakikisha BIOS yake (programu ya ndani ya bodi) imesasishwa, la sivyo 5600 haitawaka. Tafuta yenye kitufe cha kupakia BIOS kwa USB bila prosesa.

NairobiKaskazini

Boss, mbona mnajitesa? Nunua mashine nzima iliyotumika ya kizazi cha 8. EliteDesk 800 G4, i5-8500, viini 6, Windows 11 inaikubali bila ujanja wowote. Huku Nairobi maduka ya mashine za ofisi zilizotumika yamejaa hizo. Unahamisha 1050 Ti yako, jioni hiyo hiyo uko kazini. Kununua kipande kimoja kimoja ni kwa watu wanaopenda kukaza skrubu.

Dada_Wa_Rangi

Samahanini, naona mnabishana kuhusu viini na hakuna aliyemuuliza klipu ni za aina gani. Mleta mada, kwenye menyu ya ile Sony imeandikwa XAVC S au XAVC HS? Hilo linabadilisha jibu lote.

Nieleze. Premiere ikikutana na klipu ambayo kadi ya grafiki inaweza kuisimbua (kuifungua ili ichezwe) yenyewe, prosesa inapumzika. Ikikutana na isiyowezekana, kazi yote inarudi kwa prosesa, na 4K ya biti 10 kwa i5 ya mwaka 2013 ni mateso. 4:2:2 ndiyo tatizo lenyewe. 1050 Ti haiisimbui. Kadi za NVIDIA kabla ya mfululizo wa RTX 50 haziisimbui. UHD 630 ya hiyo i5-8500 haiisimbui pia, kwa hiyo kaka wa Nairobi, mashine ni nzuri lakini hapa haimponyi. Ryzen 5 5600 haina grafiki kabisa.

Inayoisimbua ni grafiki ya ndani ya Intel, Quick Sync, kuanzia kizazi cha 11, kwa H.265 ya 4:2:2 biti 10. Basi i5-12400 inaingia. Lakini wewe umeandika 12400F. Hiyo F maana yake grafiki ya ndani imezimwa. Yaani ungeokoa hela kidogo na kutupa kitu pekee kilichokufanya uinunue. Chukua isiyo na F.

Na Intel hiyo hiyo ya kizazi cha 12 haisimbui H.264 ya 4:2:2. Ndiyo maana nauliza: XAVC S ni H.264, XAVC HS ni H.265.

Chuma_Chakavu

Dada umeongea. Lakini proksi zipo, yaani nakala nyepesi za klipu za kuhariria. Mwache atengeneze proksi usiku, asubuhi anahariri laini hata kwenye kompyuta ya shule.

Dada_Wa_Rangi

Proksi ni sawa kabisa, na asiye na pesa aanzie hapo. Ila mwenye harusi ya Jumamosi inayotakiwa Jumatatu hana huo usiku. Na umeme ukikatika katikati ya kutengeneza proksi unaanza kuhesabu ni zipi zimekamilika.

Mhariri_Tabata

Nimefungua kasha. Ni pini 6 kweli, na waya wa SSD umechomekwa kwenye bodi. FundiWaWaya ubarikiwe, nilikuwa naenda kununua bodi kesho.

Dada, nimempigia mpiga picha. Anasema ni XAVC S 4K, fremu 25, 4:2:2 biti 10, S-Log3 (picha iliyofifishwa ili rangi ziwekwe baadaye).

Dada_Wa_Rangi

Basi ana mpangilio mbaya kuliko yote kwako. Kabla hujatoa hata shilingi mwambie ajaribu XAVC HS, 4:2:0 (taarifa za rangi pungufu) biti 10. Hiyo 1050 Ti inaisimbua, na biti 10 zinabaki kwa hiyo S-Log3 yake haitakatikakatika kwenye anga na ukutani. Kwa macho ya kawaida kwenye harusi, tofauti ya 4:2:0 na 4:2:2 hutaiona isipokuwa unakata skrini ya kijani. Kasoro yake: kwenye PAL (mfumo wa fremu 25 na 50) hiyo HS ya 4K inaanzia fremu 50, haina 25. Utaiweka kwenye mfuatano wa fremu 25 na utapata mwendo wa taratibu bure, bibi harusi akiingia ukumbini watapenda.

Asikwambie arudi biti 8 na S-Log3 juu yake. Hapana.

mla_urojo

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni menyu ya kamera. Mnaniharibia biashara ya 5600 nyie.

Tuseme klipu zimekubali. Mleta mada bado ana GB 8 za RAM na Windows 10. Chaguo lake namba 4 sasa lina maana au halina?

FundiWaWaya

Lina maana ya muda. Bodi ya G1 ina nafasi nne za RAM, inafika GB 32, na i7-4790 inaingia bila kelele: viini ni vile vile 4 ila nyuzi zinakuwa 8, na kasi ya juu inapanda kutoka GHz 3.6 hadi 4.0. DDR3 ni kitu ambacho watu wanakitoa kwenye mashine zao. Lakini Windows 11 rasmi haitakuja hapo kamwe. Kwa Intel inaanzia kizazi cha 8, na inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Kuna nyongeza ya usalama ya Windows 10, ESU, inayofika 13 Oktoba 2026. Ukichagua njia hii unanunua muda, na i7 ya kizazi cha 4 utakayoinunua leo haihamii popote. Mimi ningeongeza RAM tu, ile i7 ningeiacha.

NairobiKaskazini

Na AM5, soketi mpya ya AMD, je? Ryzen 5 7600?

mla_urojo

Soketi nzuri, yenye maisha marefu. Lakini ni DDR5 pekee, na bei za RAM zimepaa tangu mwishoni mwa 2025. Kwa milioni moja, na saplai, na kasha? Itamlazimu kuuza kamera ya rafiki yake.

Mswahili_Muscat

Niko Oman, nikija likizo Tanga watu huniagiza vifaa. Ushauri wangu: prosesa agiza kutoka nje ukitaka, ni ndogo na hufa kwa nadra. Mazabodi nunua hapo hapo ulipo. Ikifa baada ya mwezi mmoja, dhamana yake iko dukani iliponunuliwa, na tiketi ya kuirudisha inazidi bei ya bodi. Na kwa Intel pini ziko kwenye soketi ya bodi, si kwenye prosesa. Kabla hujalipa, toa kile kifuniko cha plastiki mbele ya muuzaji, piga picha soketi kwa simu ukitumia tochi kwa pembeni. Pini iliyolala inaonekana kama doa lisilong'aa. Ukishaondoka dukani, pini iliyopinda ni yako.

Mhariri_Tabata

Wakuu, nimeelewa. Jamaa kabadili kamera jana, kanitumia klipu za majaribio za HS 4:2:0. Zinacheza! Si laini kama maji, nikiweka rangi na maandishi inashikashika, lakini nafanya kazi. Hii imenipa nafasi ya kununua bila pupa.

Nimeamua i5-12400 isiyo na F, bodi ya H610 ya DDR4, kijiti kimoja cha GB 16 kwa sasa, 1050 Ti nahama nayo. Maswali mawili. Saplai ya wati ngapi? Na SSD yangu nikiichomeka tu kwenye bodi mpya, Windows itawaka?

FundiWaWaya

Saplai: 12400 ikikaza kabisa ni wati 117, kadi yako ni 75. Wati 450 za kweli zinakutosha na kubaki. Neno ni "za kweli". Zile zinazokuja bure ndani ya kasha zikiwa zimeandikwa 500W, inyanyue kwa mkono. Ikiwa nyepesi kama pakiti ya biskuti iache. Hela uliyookoa kwenye kasha iweke kwenye saplai na kwenye UPS.

Windows: inategemea. Fungua Disk Management uangalie kama SSD ni MBR au GPT (namna mbili za kupanga diski). Mashine za umri huo nyingi ziliwekwa kwa njia ya zamani, MBR, na grafiki ya ndani ya Intel mpya haiwaki kwa njia hiyo. Fanya nakala ya kazi zako kwanza kwenye diski ya nje, kisha ukiwa bado kwenye HP endesha mbr2gpt kwa amri ya `mbr2gpt /convert /allowFullOS`. Mimi lakini ningepakia Windows 11 upya kwenye SSD mpya ya NVMe (ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi) na hii ya zamani nikaifanya ya miradi. Bodi tofauti kabisa, draiva za HP zimelundikana miaka yote hiyo, unazihamisha za nini?

Leseni: iliyokuja na HP imefungwa kwenye bodi ya HP. Haitakufuata. Weka hiyo kwenye bajeti.

NairobiKaskazini

Na hiyo HP usiivunje kuuza vipande. Saplai yake haina mnunuzi, kasha halina mnunuzi. Ikiwa nzima inawaka, na leseni yake iko ndani, kuna mtu wa steshenari anaihitaji kwa kuchapa barua.

Mhariri_Tabata

Nitaiuza nzima. Kasha nimeona la mATX (saizi ndogo ya bodi) kwa bei nzuri, muuzaji anasema bodi yoyote inaingia.

FundiWaWaya

H610 nyingi ni mATX, itaingia. Ila kabla hujalaza bodi, hesabu vile vipande vya shaba vinavyoinuka kwenye bati la kasha. Kila kimoja kiwe chini ya tundu la skrubu la bodi. Kilichozidi kifungue ukitoe, kisije kikagusa mgongo wa bodi kikapiga shoti. Na kabla hata ya kuiingiza kwenye kasha, iwashe juu ya boksi lake la karatasi na prosesa, kipoza joto, RAM na saplai tu, waya wa skrini uchomeke kwenye bodi. Ukiona BIOS, ndipo uanze kufunga skrubu. Tuletee picha.