Mnyampala: kumbe alikuwa mwanahistoria pia?

Kijana wa Ihumwa
Wakuu mbukwenyi. Mimi Mathias Mnyampala namjua wa ngonjera tu, zile tulizokariri shule ya msingi tukasimamishwa mbele ya mgeni rasmi. Juzi msibani mzee mmoja kaniambia huyo ndo aliandika historia ya Wagogo kabla ya uhuru, na kwao ni huku huku kwetu Dodoma. Alisomea wapi historia? Na hicho kitabu napata wapi?

Mwl mstaafu
Hakusomea popote kijana wangu. Alizaliwa 1917, njaa ya Mtunya ndo inaanza, vita vya Mjerumani na Mwingereza vimekomba ng'ombe na nafaka halafu mvua nayo ikagoma. Akawa mwalimu, akawa karani wa serikali, baadaye hakimu. Sasa fikiria karani anayejua Kigogo, anakaa na wazee wanaogombania mipaka na ukoo nani alitangulia kufika, hayo yote anayasikia kazini. Kitabu kikatoka 1954, Historia, Mila na Desturi za Wagogo. Alifariki 1969 ana miaka 51 tu, kitabu chake cha Ngonjera za UKUTA (UKUTA ni chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania) kimetoka mwaka uliofuata.

Nzuguni mjanja
Mwalimu uko sahihi ila tusimpambe sana, kile kitabu kimeelemea kwa watemi na koo zao, mwananchi wa kawaida humuoni sana. Mtu wa serikali lazima aandike kiserikali bana

Mwl mstaafu
Hilo nakubali. Lakini wale wazee aliowauliza wameshakufa wote, ungemuuliza nani leo?

Dada Makole
Kijana, cha Kiswahili kukipata dukani usahau, ulizia maktaba za vyuo. Kuna tafsiri ya Kiingereza ya Gregory Maddox ya 1995, hiyo utaiona mtandaoni. Ukitaka mafaili ya mkoloni nenda Nyaraka za Taifa pale Dar, faili likishafikisha miaka 30 kwa kawaida linafunguliwa. Ila usingoje sana, mimi kuna ofisi moja ya huku (siitaji) niliomba kuona mafaili ya zamani wakanitolea boksi, kufungua ni udongo wa mchwa, zimebaki pini na jalada

Kijana wa Ihumwa
Duh pini tu! Asanteni sana wakuu, yule mzee wa msibani kashanipa namba jumapili namfuata, nitamrekodi kwa simu. Nianze na maswali gani mwalimu?

Mwl mstaafu
Muulize kwao walihamia kutoka wapi na walimkuta nani. Ukishauliza hilo nyamaza, hatakuachia mpaka jioni.