Mume wangu hajaomba tangu tumzike binti yetu, na Krismasi tunangojwa nyumbani Vihiga

Mama Wawili, Nakuru

Bwana asifiwe wapendwa. Naandika usiku, kijana amelala na mzee bado yuko gereji. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

Tunaishi mtaa wa Free Area. Mimi nimelelewa Mkatoliki. Mume wangu ni Mmaragoli, na kwao ni Friends, yaani Waquaker, tangu enzi za babu yake. Mwezi wa tano tulimpoteza binti yetu, miaka mitatu kasoro mwezi mmoja. Nimonia, siku nne tu. Tulimzika nyumbani kwao, chini ya mparachichi, kando ya njia ya kwenda jikoni kwa mama mkwe. Ukitaka maji, unapita hapo. Ukitaka kuni, unapita hapo.

Siku ya mazishi mhubiri alisema Mungu ni mwenye bustani, huchuma lile ua lililo zuri kuliko yote. Mume wangu aliinuka akaenda kusimama nyuma ya hema mpaka ibada ikaisha. Tangu siku hiyo hajaomba. Huyu ni mtu aliyekuwa akiimba besi kwenye kwaya na hakuwahi kugusa chakula bila kushukuru. Sasa anaketi, anakata ugali, anakula. Hanizuii kwenda kanisani. Halewi, hanipigi, pesa ya nyumba haikosi. Ila jina la Mungu likitajwa anatoka nje kama mtu aliyesahau kitu kwenye gari.

Kwao, usiku wa tarehe 24, ukoo wote hukusanyika sebuleni kwa baba mkwe. Mume wangu, kwa kuwa ndiye kifungua mimba, husoma Luka 2, habari za wachungaji kondeni, kisha anaombea kila nyumba kwa jina. Baba mkwe amepiga simu mara mbili kuuliza tunafika lini. Mume wangu ameniambia, "Kwenda nitaenda. Lakini sisomi, na siombi. Waambie." Niwaambieje mimi? Mke wa kijana haketi na baba mkwe kumfungulia jambo kama hilo.

Kijana wetu ana miaka tisa. Jumapili aliniuliza kama baba amekosana na Yesu. Nilijifanya nakoroga chai.

Nimsihi asome hata kama moyo haupo, kwa ajili ya wazee na mtoto? Au tubaki Nakuru tuseme nauli imepanda?


Shujaa wa Maombi, Eldoret

Pole sana dada. Hiyo ni roho ya uchungu, na kichwa cha nyumba akinyamaza adui anapata mlango. Funga siku 21, mwite mtumishi wa Mungu aje aombee nyumba. Na asome hilo neno. Neno lina nguvu hata likisomwa na asiyetaka.


Nyar Kano, Kisumu

Mama Wawili, pole mpenzi. Nilizika wa kwangu 2016 na Krismasi ya kwanza nilifanya kila kosa. Nakuambia mambo ambayo mimi sikuambiwa na mtu.

Fikeni mchana. Sisi tulifika saa mbili usiku, boma limejaa watu, watoto wanakimbizana, nikalala bila kwenda kaburini, na usiku ule sijui niuiteje. Nyinyi mkishuka kwenye gari nendeni moja kwa moja kwa mtoto, wote watatu, kabla ya soda na salamu. Watu wa nyumbani wataelewa. Wasipoelewa, watangoja.

La pili ni udongo. Kaburi dogo ambalo halijajengewa likishapigwa na mvua za miezi kadhaa udongo unashuka, na nyasi zinafunika. Mimi nilikuta shimo kama bakuli na kuku wanachakura humo. Nilipiga mayowe watu wakadhani nimeona nyoka. Muulize mtu aliye nyumbani pakoje sasa hivi, usikutane napo ghafla. Na kama panahitaji kujazwa, usimlipe kibarua. Mwachie baba yake.

Kuhusu kusoma Luka: mtu asilazimishwe. Aliyemlazimisha mume wangu kutoa ushuhuda kanisani mwaka ule hawajasalimiana vizuri hadi leo.


Fundi wa Majengo, Vihiga

Mimi naongea kama mwanaume, na Shujaa naomba tusikosane. Huyu ndugu hana pepo. Ameambiwa Mungu alimchuma mtoto wake kama ua, na yeye ameliamini hilo neno. Ukiamini hivyo, utamwomba Mungu huyo nini tena?

Dada, kuna Zaburi ya 88. Huwa haisomwi mara nyingi makanisani kwetu kwa sababu haina mwisho mzuri. Mtu analia kutoka mstari wa kwanza, na mwisho kabisa limebaki giza. Hakuna "lakini nitakusifu". Na bado iko ndani ya Biblia, kwa hivyo mtu mwenye hasira na Mungu ana nafasi yake humo. Usimsomee. Iache wazi mezani siku moja ukienda sokoni.

Na Eliya alipochoka akaomba afe, pale chini ya mretemu, 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria. Alimpikia mkate, akamwekea maji, akamwacha alale tena. Wewe mpikie.


Shujaa wa Maombi, Eldoret

Fundi, hatukosani. Mimi mwenyewe sijazika mtoto. Maombi nitaendelea, lakini kuhusu kulazimisha kusoma naondoa neno langu.


Mzee wa Kaimosi

Mulembe binti yangu. Swali lako la "niwaambieje" lina njia, na wewe umeolewa kwetu, unaijua. Mtafute senge wa mume wako, yaani shangazi yake, dada ya baba mkwe wako. Yeye ataketi na kaka yake aongee naye bila kukuvunjia heshima. Mweleze yote, hata habari ya ua na ya kusimama nyuma ya hema. Usipunguze. Baba yake aliona kijana ametoka siku ile, na nadhani amekuwa akingoja mtu wa kumweleza kwa nini.

Jambo lingine ni letu sisi Friends. Wamarekani watatu waliofika hapa Kaimosi 1902 walitoka katika watu ambao ibada yao ya asili ilikuwa kuketi pamoja kimya mpaka Roho amguse mmoja aseme, na asipoguswa mtu, wanasalimiana kwa mikono wanaenda nyumbani wakijua wameabudu. Leo sisi tunapiga ngoma na kwaya zinashindana, nami nazipenda. Lakini ule ukimya ni mali yetu. Mzee wa boma anaweza kusema, "Mwaka huu Luka asome mjukuu, na baada ya hapo tuketi kimya." Mume wako ataketi na wenzake, na hakuna atakayemtazama kuona kama midomo inacheza.

Usikae Nakuru. Kiti kitupu kitaongelewa mpaka Pasaka.


Mama Wawili, Nakuru

Nimesoma nikalia. Asanteni. Nyar Kano, nimempigia shemeji mdogo, amekubali kwamba udongo umeshuka. Alikuwa anaogopa kuniambia.

Kuna jambo sikuandika. Mtoto hakubatizwa. Kwao hawatumii maji, mimi nilitaka apelekwe parokiani, tukabishana, tukakubaliana akue achague mwenyewe. Sasa kila nikisikia mahubiri ya ubatizo napata baridi mwilini. Nadhani ndiyo sababu nimekuwa nikimsukuma mume wangu aombe, aombe. Nilikuwa nataka mtu mmoja zaidi amwombee mtoto, kwa sababu sijui alipo. Sijamwambia hata yeye.


Katekista, Mumias

Dada yangu, nina miaka mingi nikifundisha na swali hili huwa nafuatwa nalo jioni, watu wakishaondoka, karibu kila mara na mama.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992, namba 1261, inasema Kanisa huwakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu, na inataja maneno ya Yesu, waacheni watoto waje kwangu. Inasema tuna sababu ya kutumaini kwamba iko njia ya wokovu kwao. Na sheria ya Kanisa ya 1983 inaruhusu askofu atoe idhini ya mazishi ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza akafa kabla. Na kama utotoni ulifundishwa kwamba mtoto asiyebatizwa hubaki mahali pa katikati, si mbinguni wala motoni, mwalimu wako alikuwa akirudia maoni ya zamani ya wanateolojia. Hayakuwahi kuwa fundisho rasmi la imani.

Sasa sikia hili. Tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya Krismasi, tunaadhimisha Watoto Mashahidi, wale wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Hakuna hata mmoja wao aliyebatizwa kwa maji, na Kanisa linawaita watakatifu. Mathayo, katika sura ile ile ya mamajusi na nyota, anaweka kilio cha Raheli anayekataa kufarijiwa. Hakufuta. Mwaka huu omba Misa kwa jina la binti yako, parokia yoyote iliyo karibu na nyumbani.

Na umwambie mume wako. Umebeba jiwe lako peke yako, naye lake peke yake, mkilala kitanda kimoja.


Nyar Kano, Kisumu

Kijana naye msimfiche. Yuko kwenye umri wa kuelewa. Mwambie baba hajakosana na Yesu, baba ameumia, na Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro.


Mama Wawili, Nakuru

Narudi kuwaeleza. Jumamosi niliongea na senge, akaenda kwa baba mkwe jioni ile ile. Baba mkwe hakusema mengi. Amesema mjukuu asome, taa ibaki ndogo, na kwamba yeye mwenyewe siku ya mazishi alitaka kumfuata kijana wake nyuma ya hema akaona aibu mbele ya watu.

Kijana anafanya mazoezi ya Luka 2 kwa sauti kila jioni. Anakwama kwenye "Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu".

Jana usiku nilimwambia mzee habari ya ubatizo. Aliniuliza kwa nini nimekaa nayo miezi yote hiyo. Nikamuuliza yeye je. Tulikaa mpaka stima ikapotea na bado tunaongea. Hakuomba, nami sikumwambia aombe. Nilipomweleza kwamba udongo umeshuka alinyamaza sana, halafu akauliza kama lile jembe la nyumbani bado lina mpini au abebe lake.

Tunasafiri tarehe 22, gari la saa kumi na mbili asubuhi, tufike jua likiwa juu. Ameshafunga jembe kwenye gunia.