Urasimishaji mtaani: mita 6, vichochoro au leseni ya makazi?

Mtu wa Bondeni: Wadau, salaam. Mtaani kwetu huku Kimara, Dar es Salaam, tumefika hatua ya kuchora ramani ya urasimishaji, yaani kupima na kumilikishwa viwanja tulivyojenga bila mpango, na watu wameshaanza kununiana. Mezani kuna mapendekezo matatu. La kwanza, kila njia iwe ya mita 6, anayeguswa avunje uzio wake, fidia hakuna. La pili, zipanuliwe njia kuu mbili tu, huko ndani vibaki vichochoro vya mita 2 au 3 vya miguu na bodaboda. La tatu, tuachane na hati miliki, kila mtu akachukue leseni ya makazi, akalale. Mimi nipo la pili. Waliokwisha kupitia haya wanasemaje?

Fundi Chuma: La kwanza, simung'unyi maneno. Mimi naishi ndani. Choo kikijaa, gari la kunyonya haliingii, vijana wanatapisha usiku na asubuhi harufu mtaa mzima. Majuzi tulikuwa na msiba, jeneza likapitishwa juu ya ukuta wa jirani. Hayo ndiyo makazi?

Mama Frem: Kaka Fundi, unasema hivyo kwa sababu wewe hukatwi. Hizo mita 6 zinapita kwenye frem zangu mbili za biashara, na ndiyo ada ya watoto hiyo. Barabara ikipita, kiwanja chako wewe wa ndani ndicho kitakachopanda bei. Sisi wa mbele tutoe ardhi, halafu mchango wa upimaji tulipe sawa? Wa ndani changeni mtufidie, hata kwa tofali na saruji.

Fundi Chuma: Tofali sawa, dada. Fedha taslimu hapana.

Mzee wa Bikoni: Nimefanya upimaji miaka mingi. Tazameni Sinza na Manzese, zote ziliguswa na mradi wa Benki ya Dunia miaka ya 1970. Sinza viwanja vilipimwa kwanza, watu wakajenga baadaye. Manzese watu walishajenga, huduma zikawafuata walipo. Ndiyo maana Sinza gari linafika mlangoni, na Manzese ukiiacha lami tu unapita upandeupande. Ila Manzese wengi walibaki kwao, na hilo si dogo. Nanyi mmeshajenga, kwa hiyo kudai mita 6 kila mahali ni kuitaka Sinza mkiwa Manzese. La pili linatosha, mradi gari la maji taka na la zimamoto yafike mahali ambapo mpira utavutwa hadi nyumba ya mwisho.

Leseni ipo kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999, lakini ni ya muda mfupi, ya kuhuisha kila mara. Hati inakwenda miaka 33, 66 hata 99. Ukipeleka leseni benki wataipokea kwa jicho la pembeni. Na nyie wa bondeni, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto. Hapo msitegemee hati.

Mtu wa Bondeni: Mzee, umenishika pabaya. Nyumba ipo nje ya hizo mita 60. Choo ndicho sina uhakika nacho.

Binti Tegeta: Sisi tulipitisha mita 6 kwenye karatasi. Bikoni, zile alama za mipaka, zipo, barabara hakuna, kila mtu anasubiri jirani abomoe kwanza. Mmoja kamwagia bikoni zege, sasa ni kibaraza. Chochote mtakachochagua, andikishaneni tarehe ya kuvunja kabla ramani haijapelekwa halmashauri. Na hela ya upimaji lipeni benki, si mkononi. Kampuni yetu ilikusanya, ikaingia mitini.

Mama Frem: Tarehe nakubali, lakini tofali zishushwe mlangoni kwangu kwanza.

Mtu wa Bondeni: Basi Jumapili naipeleka hoja ya tofali kwenye kikao. Ramani ipo ofisi ya serikali ya mtaa. Mnaopakana na kichochoro cha msikitini pitieni muikague, mstari umechorwa juu ya kisima.